Nusu ya Swali

Bwenini, Nachingwea
29 Septemba 2024

Dada yangu Shadya,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Bahasha hii ina karatasi mbili kama tulivyokubaliana. Ile ya nje, yenye habari za mitihani na joto, msomee Shangazi Mwanawetu, maana najua anapenda kusomewa, na ukimaliza atauliza, "Ndiyo basi?" Mpaka leo sijui umezoeaje kumwita mama mkwe mtu ambaye ni dada wa baba yetu. Hii ya ndani isome peke yako.

Ningekupigia simu, lakini simu tunayoruhusiwa ni ya Matroni Laurencia, Jumamosi tu, naye huweka spika ili asikie tunaongea na nani. Kwa hiyo barua nampa Davis, konda wa haisi ya Ruangwa, akipita getini, naye atamwachia bodaboda wa huko Mbekenyera.

Kuna rafiki yangu hapa bwenini. Sitamtaja jina. Anaumwa, na ugonjwa wenyewe ni wa aibu. Akikojoa anahisi anachomwa, na akitoka chooni anataka kurudi. Si mara ya kwanza mwaka huu. Juzi alipanga foleni ya dawa, na zamu yake ilipofika Matroni akasoma cheti kwa sauti: UTI. Halafu akamwuliza mbele ya foleni nzima, "Tena wewe? Huko likizo unakwenda kufanya nini?" Wasichana wakacheka. Aurelia, anayelala kitanda cha juu yake, alihamisha ndoo yake ya kuogea akaiweka mbali, akaifunika kwa kanga.  Afadhali angemtukana.

Rafiki yangu hajafanya lolote, dada. Hata mkono hajashikwa. Lakini ameanza kujichunguza kama mtu aliyesahau alichokiiba.

Wewe ulipita unyagoni kabla yangu. Kungwi wako aliwahi kusema chochote kuhusu jambo hili? Wangu alisema tu kwamba mambo ya chini hayazungumzwi na mtu yeyote isipokuwa yeye, naye amehamia Masasi.

Mimi ni mzima.

Mdogo wako,
Mwantumu


Mbekenyera
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Mwantumu,

Marahaba. Huyo rafiki yako ana kovu la pasi mkononi, na akiandika herufi y anaivuta mkia kama mjusi? Mpe pole. Mwambie amalize dawa zake zote asigawane na mtu, anywe maji, na akome kuninyima jina lake wakati nimembeba mgongoni.

Kungwi hakuniambia kitu. Na mimi sijawahi kuumwa hivyo hata siku moja. Unanijua, hata surua ilikupata wewe mimi ikanipita, na tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Ndiyo maana lililonikuta wiki hii limenishangaza.

Nilikwenda kliniki, mimba imefika miezi sita sasa. Wakapima mkojo. Nesi akaniita pembeni akasema mkojo wangu una bakteria, tena wengi. Nikamwambia siumwi popote. Akasema ndiyo, huumwi, lakini wamo. Akanipa vidonge vya wiki nzima. Nimevificha ndani ya kopo la ufuta.

Naogopa mambo mawili. La kwanza Shangazi. Kila akisikia mwanamke fulani anaumwa mkojo husema huo ni ugonjwa wa wanawake wa barabarani. Analisema bila kumtazama mtu. Akiviona vidonge ataniuliza ni vya nini, nami sijui kudanganya uso ukatulia.

La pili ni mtoto. Unakumbuka mwaka jana nilimeza dawa za malaria, mimba ikatoka. Nesi alisema ni malaria iliyoitoa. Shangazi alisema ni dawa. Mimi sijui, na tangu siku ile nikishika kidonge mkono unakuwa mzito.

Bashiri sijamwambia. Nitamwambiaje mume kwamba mkojo wangu una wadudu na sijui umewatoa wapi?

Wewe ndiye msomi wetu. Baba huko Mkotokuyana anawaambia mpaka wauza vitumbua kwamba binti yake anasoma baiolojia. Basi niambie. Ninywe, au nisinywe?

Dada yako,
Shadya


Bwenini, Nachingwea
13 Oktoba 2024

Dada Shadya,

Ni mimi. Nimeona aibu hata kuyaandika maneno hayo mawili. Yale ya "mimi ni mzima" niliyafuta, nikayarudisha, kwa sababu sikujua barua inaishaje bila hayo. Dawa nimemaliza na sasa naendelea vizuri.

Nina jibu lako, na ni jibu zuri.

Mwalimu wetu wa baiolojia, Mwalimu Prisila, aliyehamishiwa hapa kutoka Kagera, ana kisanduku mezani kwake. Unaandika swali bila jina, Alhamisi analijibu darasani. Niliandika: Mtu asiyeumwa akikutwa na bakteria katika mkojo, anahitaji dawa? Nilitaka kuandika "mjamzito asiyeumwa", nikaliacha neno hilo. Kisanduku hakina jina lakini mwandiko wangu anaujua, na mwezi wa saba msichana mmoja wa Kidato cha Nne aliuliza tu mimba inaanza kuonekana lini. Kesho yake aliitwa ofisini akapewa kikopo cha mkojo apimwe mimba. Hakuwa na kitu, lakini mpaka leo akivuka uwanja watu humtazama tumbo. Kwa ugonjwa wangu huu, dada, wangenitazama mara mbili. Nikaona haidhuru, bakteria ni bakteria. Hawajui kama aliyewabeba ana mimba.

Mwalimu alilifurahia swali. Alisema wengi tunadhani kibofu cha mtu mzima wa afya hakina kiumbe ndani, kumbe sivyo. Wapo watu wanaokaa na bakteria kibofuni miaka na wasijue. Tofauti haiko kwa bakteria peke yao, iko pia kwa mwenye kibofu. Seli za ukuta wa kibofu zina vipokezi vinavyowatambua bakteria na kuuamsha mwili upigane. Maagizo ya kutengeneza vipokezi hivyo tunayarithi ndani ya jeni, na hayafanani, hata kwa watoto wa tumbo moja.

Akatoa mfano wa walinzi wa ghala la korosho. Mmoja akisikia panya anapiga filimbi, anawasha taa zote, anaamsha mtaa. Yale maumivu na homa ni hizo filimbi, ni kelele za mwili wenyewe. Mlinzi mwingine anamwona panya, anamwacha apite, na asubuhi korosho zote zipo. Pengine, alisema, bakteria wapole wakishakaa wanawanyima nafasi wale wakali. Na mara nyingi bakteria hawa wanatoka tumboni mwa mtu mwenyewe. Hawahitaji barabara yoyote.

Nilikuwa nimeinamia daftari ili nisionekane machoni. Miaka yote nimedhani mimi ni mchafu na wewe ni msafi, kumbe sote tunao, ila mlinzi wangu ana filimbi na wako ni mpole.

Kuhusu dawa alisema wazi: mwenye maumivu au homa atibiwe. Asiyeumwa aachwe, maana dawa zitawaua wapole na kuwapisha wakali.

Kwa hiyo usinywe, dada. Mkono wako ulikuwa na akili kuliko kopo la ufuta. Najivuna kidogo leo, unisamehe.

Mdogo wako,
Mwantumu


Mbekenyera
20 Oktoba 2024

Msomi wangu,

Nimeisoma ile ya ndani nikiwa shambani, nimekaa juu ya gunia, na nimecheka peke yangu. Mlinzi mpole! Bashiri akinikasirisha siku hizi namwambia ana bahati amekuta mlinzi mpole, haelewi.

Vidonge nimevitupa chooni. Ungejua nilivyopata usingizi. Kabla ya hapo nilikuwa nikipika naliangalia kopo, nikifagia naliangalia kopo.

Shangazi amesomewa ile ya nje. Aliuliza, "Ndiyo basi?" Halafu akasema uandike zaidi kuhusu chakula, habari za mitihani hazimshibishi.

Sasa tunaokota korosho kutwa. Harufu ya mabibo imeingia mpaka kwenye mashuka. Mgongo unaniuma upande mmoja, huku chini ya mbavu, ni kuinama tu. Mtoto anacheza vizuri, hasa nikila muhogo.

Asante, mdogo wangu. Uliponiandikia nisinywe nilihisi kama mtu aliyenitua mzigo kichwani.

Dada yako,
Shadya


Bwenini, Nachingwea
26 Oktoba 2024

Dada, nenda kliniki. Ukishasoma mstari huu, nenda. Mengine utasoma njiani.

Niliuliza nusu ya swali, nikakutumia kama jibu zima.

Alhamisi Mwalimu Prisila alirudi kwenye swali lile. Alisema amekumbuka kwamba jibu lake lilikuwa na pengo. "Asiyeumwa aachwe," akasema, "isipokuwa mjamzito. Huyo hatuachi." Alieleza kwamba mimba ikikua inabana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, mkojo unatuama, na bakteria wanapata njia ya kupanda juu. Ndiyo maana wajawazito wanapimwa kliniki hata kama hawaumwi. Mlinzi mpole hataamka mpaka wamefika kwenye figo, na wakifika huko mama anaugua vibaya na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake. Halafu akafuta ubao akaendelea na mada ya majani.

Mgongo wako, dada. Huko chini ya mbavu ndiko figo ziliko. Hata picha yake niliichora mwenyewe kwenye daftari, nikapata alama zote.

Sasa nitakuambia jambo baya zaidi. Nilingoja Davis getini Alhamisi na Ijumaa, hakupita. Mlinzi wa geti akaniambia haisi yao imekodiwa kupeleka wakulima kwenye mnada wa korosho. Nikasema basi, nitapiga simu Jumamosi. Leo nimepanga foleni, nimefika, Matroni amenipigia namba yako, ameweka spika. Aurelia alikuwa nyuma yangu. Ulipoitikia nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na ndani yake kulikuwa na maneno mimba, mkojo na bakteria. Nikafungua mdomo nikakuuliza kama mvua imenyesha.

Ulisema bado. Ukasema wewe mzima. Nikasema hata mimi. Matroni akachukua simu.

Nimekaa nyuma ya bweni tangu saa hiyo. Si kwamba nilisahau, dada. Nilikuwa na simu mkononi.

Barua hii nimempa mpishi, anasema Davis atapita Jumanne. Kama utaipata, nenda.

Mwantumu


Ruangwa
1 Novemba 2024

Shemeji Mwantumu,

Habari za masomo. Nakuandikia nikiwa hapa hospitalini Ruangwa. Usishtuke sana. Dada yako amelazwa tangu Jumatatu. Homa ilimpanda, akawa anatetemeka mpaka kitanda kinalia, na mgongo haushikiki. Daktari amesema ni figo, maambukizi yamepanda kutoka kibofuni. Uchungu ulianza kabla ya wakati. Wamempa dawa za kuuzuia na dawa za mshipa. Kwa sasa umetulia, lakini wamesema tusiseme tumepona.

Waliuliza kuhusu vidonge alivyopewa kliniki. Mimi sikujua kama kuna vidonge. Yeye alijibu kwamba alisahau kuvinywa. Mama yangu amekasirika sana. Amemwita mzembe mbele ya wodi nzima, na mimi nimeshindwa kumtuliza.

Barua yako Davis ameileta mpaka hapa kitandani, alisikia njiani kwamba tumelazwa. Sikuifungua. Najua mna karatasi zenu za ndani, na sijawahi kuzisoma. Nimeiweka chini ya mto wake.

Mwombee.

Shemeji yako,
Bashiri


Ruangwa
8 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Mwandiko utausamehe, mkono wenye sindano ndio huo huo wa kuandikia. Nipo. Mtoto yupo. Jana alinipiga teke la ubavuni, na nesi akasema huyo ni mpigania uhuru. Homa imekwisha ila nitabaki hapa siku kadhaa.

Barua yako nimeisoma. Nataka unisikilize kama dada yako mkubwa. Usiseme kitu kwa mtu yeyote. Nimekwishasema nilisahau, na jambo limekwisha. Wakijua ni wewe, Baba ataambiwa, na unajua atakachosema: ndiyo elimu hiyo ninayoiuzia korosho? Umebakiza mwaka mmoja tu. Mimi nimeshaolewa, uzembe hauniharibii cheti.

Sitakuficha kwamba maneno ya Shangazi yanachoma. Anakuja na uji, ananikabidhi, halafu anawaambia wagonjwa wa vitanda vya jirani kwamba huyu, mtoto wa kwanza alimpoteza kwa kumeza dawa, wa pili anataka kumpoteza kwa kutomeza. Wanacheka kwa sababu hawajui wafanye nini. Bashiri anatoka nje. Nadhani naye ameanza kuamini kwamba sikumjali mtoto, maana anauliza, "Ulisahau hata siku moja hukukumbuka?" Nami namwambia ndiyo.

Na ile Jumamosi ya simu, usijiue kwa mawazo. Nilisikia unapumua, nikajua kuna kitu. Lakini na mimi nilikuwa na homa tangu asubuhi, na Shangazi alikuwa amekaa pembeni anachambua mboga, ndiyo nikasema mzima. Tulidanganyana wote wawili, na Matroni wako kasikia yote.

Soma. Nyamaza. Hilo ndilo ninalokuomba.

Dada yako,
Shadya


Bwenini, Nachingwea
12 Novemba 2024

Kwa Shemeji Bashiri, amsomee Shangazi Mwanawetu kwa sauti, Dada Shadya akiwepo.

Shangazi, shikamoo. Hii ni barua ya nje. Safari hii haina karatasi ya ndani.

Dada Shadya hakusahau vidonge. Aliviacha kwa sababu mimi nilimwandikia aviache. Aliniuliza kama anywe, nikamwuliza mwalimu, lakini sikumwambia mwalimu kwamba anayeuliza ana mimba. Niliogopa watadhani ni mimi. Mwalimu akajibu swali nililompa, na mimi nikalipeleka jibu hilo kwa mtu ambaye halikumhusu. Nilipojua kosa langu nilipata simu, nikaona aibu kusema mbele ya wenzangu, nikauliza habari za mvua. Shemeji, siku zile ulizokaa macho hospitalini zilitoka kwenye mdomo wangu.

Dada ameniomba ninyamaze ili nisiachishwe shule. Namwomba msamaha kwa kutomtii. Siwezi kusoma nikijua kwamba yeye anaitwa mzembe kitandani kwa kosa langu.

Kuna jingine, nalo ni gumu kwangu kulisema mbele yako, Shangazi. Mimi naumwa mkojo. Unanichoma, nakwenda chooni na kurudi, nimeumwa hivyo tangu nina miaka kumi na mitatu. Shuleni wanasema nina wanaume. Sina. Mwalimu wetu alisema mara nyingi bakteria hawa wanatoka mwilini mwa mtu mwenyewe, na kwamba miili tunayoirithi haiwapokei sawa. Wangu unapiga kelele. Wa Dada Shadya ulinyamaza, ndiyo maana hakuna aliyejua mpaka walipofika kwenye figo. Kelele zangu si ushahidi wa uchafu, na ukimya wake haukuwa uzembe. Naomba ulijue hilo, hata ukinikasirikia kwa mengine yote.

Kama Baba lazima aambiwe, aambiwe. Nitakubali atakalosema.

Ndiyo basi, Shangazi.

Mwantumu


Mbekenyera
20 Novemba 2024

Shemeji Mwantumu,

Tulirudi nyumbani juzi, dada yako anatembea. Barua yako niliisoma hospitalini kama ulivyoagiza. Nilipofika katikati niliishusha karatasi, dada yako akasema endelea. Nilipomaliza, Mama hakuuliza lile swali lake. Alichukua sufuria ya uji akatoka. Sikukasirika kama ulivyodhani, shemeji. Nilikasirika zaidi kwamba katika nyumba yangu kulikuwa na vidonge kwenye ufuta na mimi ndiye pekee sikustahili kuambiwa. Hilo nimelizungumza na mke wangu.

Leo asubuhi Mama ameniita nikae na kalamu. Anaongea Kimwera, mimi naandika Kiswahili. Yanayofuata ni yake.

Mwantumu. Marahaba. Nimesikia barua yako. Nimemwambia Shadya maneno yangu ya wodini nimeyarudisha, na wale wagonjwa niliowachekesha niliwafuata kabla hatujatoka nikawaambia vilevile. Mmoja alikuwa amesharuhusiwa. Huyo sijui nimfanyeje.

Kabla ya baba yake Bashiri niliolewa kwanza Ruangwa mjini. Bashiri alikuwa hajui, ndiyo anajua sasa, anaandika huku ananitazama. Nilikuwa msichana kama wewe. Baada ya harusi mkojo ukaanza kunichoma. Unachoma, unapona, unarudi. Mume akasema nimeutoa kwa mwanamume mwingine. Mama yake akasema huo ni ugonjwa wa wanawake wa barabarani. Mume akanirudisha kwetu Mkotokuyana na godoro langu, mchana, watu wakiona. Kaka yangu, huyo baba yako, alinipokea mzigo akauingiza ndani. Hajaniuliza kitu mpaka leo. Nilikuwa naona ni huruma. Siku hizi naona angeuliza tu.

Maneno ya yule mama nikayachukua mimi, nikawa nayasema kwa wengine. Nilidhani nikiyasema mimi hayatarudi kwangu.

Bado mkojo unanichoma, hata sasa na uzee huu. Sijawahi kumwambia nesi.

Baba yako nitazungumza naye mimi. Hatakuachisha. Ana deni kwangu la swali.

Sasa wewe uliyesoma, nakutuma. Muulize huyo mwalimu wako: kama miili inarithiwa, je, huu wangu na huu wako ni mmoja? Na mtu wa umri wangu akienda hospitali atawaambia nini? Lakini ukiuliza, mwanangu, uliza lote.

Ndiyo basi.

(Mama amesema niandike hivyo.)

Bashiri, kwa niaba ya Mwanawetu


Bwenini, Nachingwea
1 Desemba 2024

Shangazi, shikamoo. Shemeji Bashiri, msomee taratibu.

Sikutumia kisanduku. Alhamisi nilinyoosha mkono. Mwalimu Prisila alishangaa, maana tangu Kidato cha Kwanza hajawahi kuniona nikinyoosha. Nikasimama. Nikashika dawati.

Nikasema, "Mwalimu, nina swali kuhusu watu watatu. Wa kwanza ni mimi, ninaumwa UTI mara kwa mara. Wa pili ni shangazi yangu, dada wa baba, anaumwa vilevile tangu ujana wake. Wa tatu ni dada yangu, ana mimba, hakuumwa kitu mpaka akakaribia kumpoteza mtoto. Swali la mwezi wa kumi lilikuwa lake. Nililikata."

Nyuma, Aurelia akacheka. Nilisubiri amalize. Nilitaka kukaa, ila nilikumbuka godoro lako, nikabaki nimesimama.

Mwalimu aliweka chaki chini. Alisema hawezi kujua bila vipimo, na kwamba wanasayansi wenyewe bado wanachunguza jeni zipi zinafanya nini. Lakini inawezekana, Shangazi. Nusu ya jeni zangu zimetoka kwa Baba, na Baba na wewe mmetoka tumbo moja. Alisema uende upimwe mkojo, na usiogope kuwaambia umeumwa muda gani, maana kwa umri wako zipo dawa na zipo njia nyingine. Uwaambie mkojo unavyokuchoma, unarudi mara ngapi, na kama kuna damu. Hakuna haja ya kuwaambia habari za mume yule.

Baada ya kipindi alinisindikiza mwenyewe kwa Matroni. Sikusikia walichozungumza. Foleni ya dawa sasa inakaa nje, na cheti kinasomwa ndani mlango ukiwa umefungwa.

 Leo asubuhi nilikuta ndoo ya Aurelia imerudi mahali pake, karibu na yangu, na kanga imeondolewa. Sijui kama ni msamaha au alichoka kuinama kuifunika kila siku. Sikumwuliza. Kesho nitamwuliza.

Tunafunga shule Ijumaa. Nikifika Mkotokuyana nitakaa siku chache na Baba, halafu nitapanda haisi ya Davis nije Mbekenyera. Kama hujaenda hospitali, tutakwenda wote wawili, wewe na mimi, kwenye foleni moja. Dada Shadya abaki amelala.

Mimi si mzima sana. Jana mkojo ulianza kunichoma tena, na nimekwenda kumwambia Matroni mwenyewe.

Binti wa kaka yako,
Mwantumu